Kaprekar Asiyejua Kujumlisha

Mzee Madhukar Kaprekar anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Oktoba 1998, baada ya kufua, kukausha na kukunja nguo za wazee wa Greenbelt, hapa Marekani, kwa miaka kumi na tisa na miezi saba. Alianza kazi tarehe 5 Machi 1979, theluji ikiwa magotini, akiwa na koti la kuazima. Anaondoka na koti lake mwenyewe, mgongo unaouma, kifua kinachokohoa, na barua moja katika faili.

Barua hiyo ndiyo sababu tunamuaga Jumamosi hii katika ukumbi wa kanisa huku Oxon Hill, na siyo katika chumba cha kulia cha nyumba ya wazee, ambako hata yule mpishi aliyeunguza supu kila wiki aliagwa kwa keki yenye jina lake. Sheria ya ofisi ni kwamba aliyepewa barua ya onyo katika mwaka wake wa mwisho haagwi. Hapewi cheti, hasemewi neno, picha yake haitundikwi ukutani. Barua ya Mzee inasema kwamba mwezi wa Februari, nyumba ikifuka moshi, aliwaacha wazee nje kwenye baridi akarudi ndani kufuata vitu vyake binafsi.

Ni uongo. Wenzangu waliniomba niandike wasifu huu kwa kuwa nimefanya naye kazi chumba kimoja miaka saba. Waliponiomba hawakujua kwamba chini ya uongo huo kuna sahihi yangu. Nitafika hapo. Lakini mtu haagwi kwa kuanza na ubaya wa wengine, basi kwanza tumseme yeye.

Mzee Madhukar alizaliwa Nakuru, katika nyumba za reli. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa. Shule aliiacha darasa la sita, na anasema shule haikumlilia. Kazi alifundishwa na dobi wa jirani, mzee wa Kihindi aliyekuwa akifua nguo za maofisa wa reli, kisha akafua katika hoteli moja hapo hapo Nakuru mpaka alipomfuata shemeji yake Marekani. Kiswahili chake ni cha Nakuru kabisa. Siku yangu ya kwanza, mwaka 1991, nilikuwa nimesimama mbele ya mashine kubwa ya kufulia nikitetemeka, Kiingereza sina, ujuzi sina, nasikia nyuma yangu mtu anasema, "Mama, usiiogope hiyo. Ni mjinga kuliko sisi, inajua kuzunguka tu." Nikageuka nikitafuta Mwafrika aliyesema. Nikamwona Mhindi mwembamba amebeba foronya.

Sisi nasi tulikuwa na ujinga wetu, tusijifanye malaika. Mhindi, basi tulidhani lazima kwao kuna duka. Ndirangu wa jikoni alimuuliza mwaka mzima duka la ukoo wao liko mtaa gani. Mzee alichoka akamwambia, "Liko nyuma ya gereza, nenda kaulize." Lakini ujinga wetu sisi angalau ulikuwa wa watu tusiosoma. Waliosoma walikuwa na wao, na wa kwao ulikuwa na digrii.

Mnajua kwamba karibu na sisi kuna kile kituo kikubwa cha utafiti wa anga. Wazee wengi tunaowahudumia wana watoto wanaofanya kazi huko au vyuoni, watu wa hesabu za kurusha vitu juu. Watu hao wakija Jumapili kuwaona wazazi wao, wakasoma kile kibao cha jina kwenye kifua cha Mzee, walikuwa wakisimama kama wameona mzimu. Kaprekar! Kumbe jina hilo ni kubwa katika nadharia ya namba. Kulikuwa na mwalimu wa shule huko India mwenye jina hilo, sasa marehemu, ambaye maisha yake yote alicheza na namba mpaka namba zikamzoea. Mzee Madhukar hana undugu naye. Alisema hivyo mara ngapi? Muulizeni mkewe. Alisema mpaka akawa anasema kabla hajaulizwa, kama mtu anayepiga chafya.

Aliyezidi wote alikuwa Daktari Prentiss. Ni daktari wa hesabu, siyo wa kuchoma sindano, na mama yake, Bibi Adele, ni mkazi wetu tangu 1994. Daktari huyu alikuwa akija mpaka chumba cha kufulia, bila kubisha hodi, kumfundisha Mzee jina lake mwenyewe. Siku moja alitukusanya, mimi na Mzee na mhudumu mwenzetu Chelagat, akaandika nyuma ya karatasi ya menyu. Chagueni, akasema, namba yoyote ya tarakimu nne. Zipangeni kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha kutoka ndogo kwenda kubwa, toeni. Jibu lifanyieni hivyo hivyo tena. Mtaishia 6174, na mkifika hapo hamtoki.

Nilifanya mwenyewe juu ya meza ya kupigia pasi, na mimi niliishia darasa la nne. Nilichukua mwaka huu, 1998. 9981 toa 1899, ikaja 8082. 8820 toa 0288, ikaja 8532. 8532 toa 2358, na kweli, 6174 ile pale. Nilishangaa, sikatai. Chelagat akasema, "Hii namba ni mamba, inameza zote." Daktari akafurahi kama yeye ndiye aliyeizaa. Akamgeukia Mzee, na wewe je, chagua yako. Mzee akachagua 4444, namba ya kabati lake. Akapanga juu 4444, akapanga chini 4444, akatoa, akapata sifuri.

Daktari akabadilika rangi. "Hapana, hapana, zisiwe zote sawa."

"Hukusema," akajibu Mzee.

"Kaprekar asiyeijua Kaprekar!" Daktari akacheka, akaenda kuwahadithia wenzake kwenye chumba cha wageni, nao wakacheka. Tangu siku hiyo wakipita mlangoni walikuwa wakimuuliza Mzee ngapi mara ngapi. Watu wazima, wenye mvi na magari. Ningekuwa mama yao ningewapeleka kulala bila chakula.

Sasa ni kweli, na yeye mwenyewe atacheka nikisema: Mzee Madhukar hesabu hana. Kila mwisho wa mwezi tulipotakiwa kuandika idadi ya mashuka na foronya, alikuwa anaandika kama mtu anayetabiri mvua. Foronya themanini na tatu aliziandika sitini na moja. Mwaka 1993 aliongeza sifuri moja kwenye fomu ya taulo mia moja na ishirini, lori likaleta elfu moja na mia mbili. Tulizihifadhi mpaka chumba cha maombi. Padri alikuwa akisalisha huku ameegemea taulo.

Lakini katika miaka kumi na tisa, hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kuvaa soksi ya mwingine. Hilo nataka lisomwe polepole. Katika nyumba nyingine za wazee, ambako nimefanya kazi za muda, nguo hupigwa namba ya chumba kwa wino. Mtu akihamishwa chumba, au akifariki akaja mwingine, namba inabaki ile ile, na utamkuta bibi amevaa sweta la marehemu. Mzee alikataa namba. Alifanya kama alivyofundishwa na yule dobi wa Nakuru: kila mtu na uzi wake. Bwana huyu uzi wa kijani na mweupe, bibi yule mwekundu mtupu, Bibi Adele zambarau na njano. Anaushona kwenye ukosi, kwenye pindo, kwenye kona ya blanketi. Mtu akifariki uzi wake haupewi mwingine. Anabuni mwingine. Mkimuuliza wazee tulio nao ni wangapi, hajui. Mkimuonyesha uzi wa mtu aliyefariki mwaka 1982, anawaambia jina lake, alikuwa anapenda chai ya namna gani, na mwanawe yupi alikuwa haji kumwona.

Utaratibu huo tuliupenda sisi wahudumu kwa sababu nyingine pia. Wengi wetu hatuhesabu watu. Chelagat kwao watoto hawahesabiwi, Ndirangu kwao hivyo hivyo, na bibi yangu mimi kule Upareni ukimuuliza ana wajukuu wangapi alikuwa anajibu "wapo", basi. Kumnyooshea mtu kidole ukasema mmoja, wawili, watatu, ni kama kumwita mauti aje achague. Wenye ofisi wakisikia hilo wanatutazama kwa huruma, kama watu waliotoka porini juzi. Sawa. Tutazamane.

Jumatano, tarehe 11 Februari mwaka huu, saa sita na robo mchana, chakula kinataka kuletwa, kengele ya moto ikalia. Moshi ulikuwa unatoka chumba chetu. Vumbi la nyuzi lilikuwa limejaa kwenye bomba la mashine ya kukaushia, jambo ambalo Mzee alilitolea taarifa mara tatu kwa mdomo na mara moja kwa maandishi. Tuliwatoa wazee kwa mlango wa mbele hadi kwenye maegesho. Barafu chini, upepo juu. Mzee alisimama mlangoni na toroli lake la mablanketi, kila anayepita anampa blanketi lenye uzi wake. Mimi nilikuwa pembeni yake nikiwafunika.

Mkurugenzi wetu, Bi. Garrity, akaja na karatasi yake. Akamwambia Chelagat awahesabu wazee. Chelagat akasema, "Mama, nitakutajia kwa majina mmoja mmoja. Kuwahesabu siwezi."

"Sina nafasi ya mila leo," akasema Bi. Garrity.

Ndipo akajitokeza Daktari Prentiss. Alikuwa amefika muda huo huo kwa ajili ya kula chakula cha mchana na mama yake. "Nipe mimi," akasema, kama mtu anayeombwa aimbe. Akapita na kidole mara mbili. Viti vya magurudumu, mabenchi, waliosimama. Thelathini na nane. Wakazi wetu ni thelathini na nane. Akaandika, akaandika na saa, 12.24, akasema, "Wametimia, basi na mama yumo."

Mungu wangu. Mtu amesoma mpaka amefika angani, anajua mama yake yumo kwa kuwa jumla imekubali. Hakuangalia uso.

Kwenye toroli lilikuwa limebaki blanketi moja. Mzee akalishika pembe, akaangalia uzi: zambarau na njano. Akasema kwa sauti, "Bibi Adele hayupo."

"Wametimia," akasema Bi. Garrity.

"Bibi Adele hayupo. Blanketi lake hili."

"Kaprekar, na jina hilo lote huwezi kuhesabu hadi thelathini na nane?"

Watu wakacheka. Baridi kali, hofu, watu walihitaji kucheka, nami nilicheka. Mzee akanigeukia mimi, hakumgeukia mwingine. "Mama Kalisti, wewe umemwona?"

Sikuwa nimemwona. Jibu lilikuwa hilo, neno moja. Badala yake nilisema, "Mzee, si wamesema wametimia?"

Alinipa lile blanketi nilishike, akavua kitambaa cha shingoni akakiloweka kwenye ndoo ya mlangoni, akazunguka nyumba kwenda mlango wa nyuma.

Wanaofanya kazi nasi wanajua kwamba Bibi Adele, akichoka na televisheni, alikuwa na tabia ya kuja kukaa chumba cha mashuka, nyuma ya mashine zetu, kwa kuwa kuna joto. Mzee alimpa kazi ya kukunja leso za mezani. Siku hiyo alikuwa huko, kile kifaa chake cha masikio amekizima kwa sababu mashine zinampigia kelele. Mzee alimkuta amekaa juu ya kapu, moshi umeshuka hadi kichwani, anakohoa na anakunja. Alimtia kwenye toroli kubwa la nguo chafu, akamfunika vitambaa vibichi, akasukuma. Tuliona toroli linatokea pembeni mwa nyumba, limelemea upande, na ndani yake Bibi Adele, uso mweusi kama mchoma mkaa, ameshika leso zake anamgombeza Mzee kwamba amezichanganya safi na chafu.

Zimamoto, waliocheleweshwa na barafu barabarani, walifika dakika chache baadaye. Bibi Adele alilazwa siku tatu. Yupo, na anakunja mpaka leo. Kikohozi cha Mzee nacho kipo mpaka leo.

Na yule mtu wa thelathini na nane? Alikuwa mgeni, mama mmoja kutoka Baltimore aliyekuja kumwona dada yake. Mvi anazo, miwani anayo, alikaa benchi na wenzake. Koti lake mwenyewe, ndiyo maana hakupewa blanketi. Daktari wa namba alimhesabu mgeni wa watu akamwacha mama aliyemzaa.

Hapo mngetegemea mtu apewe medali. Mzee alipewa barua. Wakaguzi wa jimbo walikuwa wanakuja, na ile karatasi ilikwishaandikwa: 38, saa 12.24, wametimia. Karatasi ikishasema wametimia, basi hakuna aliyebaki ndani. Kama hakuna aliyebaki ndani, Kaprekar alirudi kufuata nini? Vitu vyake. Mnaona jinsi hesabu inavyofuatana vizuri? Haina kosa hata moja, isipokuwa kwamba haikutokea.

Walihitaji shahidi wa chumba cha kufulia. Chelagat alikwenda mwenyewe kusema aliyoyaona, wakamwambia hahitajiki. Mimi waliniita. Bi. Garrity alinipa kiti, akanipa na kahawa. Akaniuliza taratibu. Elieth, thelathini na nane walitoka, si kweli? Nikasema kweli. Kaprekar alirudi ndani, si kweli? Kweli. Koti lake lilikuwa ndani? Lilikuwa ndani. Basi tia sahihi hapa. Barua ya kuombea kibali changu cha kazi ilikuwa mezani pake, juu kabisa ya mafaili, na hakuitaja hata kidogo. Nilimfikiria mwanangu Kalisti, nikamfikiria Abigail, nikafikiria kurudi nao Same mikono mitupu katikati ya mwaka wa shule. Nikatia sahihi. Kalamu ilikuwa nzuri, iliandika vizuri.

Mzee alipewa nakala, akaliona jina langu. Siku ile nzima hatukusemezana. Kesho yake asubuhi nilikuta kikombe changu cha chai mahali pake, maziwa mengi kama ninavyopenda, naye anapanga foronya. "Mama Kalisti," akasema, "watoto wameamka salama?" Kila siku tangu hiyo, miezi minane, ameniuliza hivyo. Angenitukana ningepona mapema.

Daktari Prentiss kwa upande wake alituma shukrani. Msifikiri ni barua, hapana. Alimtumia Mzee fremu ya kioo, ndani imeandikwa 6174 kwa maandishi ya dhahabu. Mzee aliiangalia mbele na nyuma, akaitumia kuzuia mlango wa chumba cha kukaushia usijifunge. Kwa kazi hiyo inafaa sana.

Wenzangu waliponiomba niandike, nilikaa na karatasi tupu siku nne. Kila sentensi ya kumsifu ilikuwa inanigeukia. Jumanne ya wiki hii, tarehe 27, nilikwenda ofisini. Nilikuwa nimeandika kwa Kiswahili kwa mkono wangu, Chelagat akaandika kwa Kiingereza chini yake, neno kwa neno, bila kunipamba wala kunisitiri. Bi. Garrity akasoma yote miwani ikiwa puani.

"Anaondoka Ijumaa," akasema. "Kwa nini leo?"

"Kwa sababu Jumatatu sitamkuta."

"Unajua hili lina maana gani kwako."

"Najua, mama. Naomba mhuri wa kupokelewa, na tarehe."

Akavuta droo. Mimi nilisimama. Akapiga mhuri.

Nikatoka, nikamkuta Daktari Prentiss kwenye maegesho anamshusha mama yake garini. Nikampa nakala. Alisoma amesimama, akarudia kusoma. "Namba ilikuwa sahihi," akasema.

"Ilikuwa sahihi, Daktari. Mama yako ndiye hakuwemo."

Aliikunja karatasi akaitia mfuko wa ndani. Sijui ataifanyia nini. Bibi Adele akaniuliza kwa sauti kubwa tumesema nini, na mwanawe akamshika mkono, wakaingia ndani.

Nyumbani niliwaambia watoto. Abigail, ambaye nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, aliniuliza kwa Kiingereza chake hicho mbona ilinichukua miezi minane. Ratiba ya kazi ya wiki ijayo imebandikwa leo, na jina langu bado sijaliona. Labda watalibandika, labda hawatalibandika. Nawaomba msinionee huruma jukwaani, leo siyo siku yangu.

Mafanikio ya Mzee Madhukar Kaprekar, kwa ajili ya wanaopenda kuyaona yamepangwa: alifua kwa uaminifu, hakumkosea mtu shuka, aliwafundisha kazi wageni kumi na kitu bila kumfokea hata mmoja, na alimtoa mtu kwenye moshi watu wenye akili wakiwa wanamcheka. Kuhusu nadharia ya namba, hakuchangia kitu. Mkewe anasema watahamia Sterling kwa binti yao, kwenye nyumba yenye mashine moja ndogo ya kufulia, na kwamba Mzee haruhusiwi kuigusa. Tutaona.

Mzee wetu, umetutunza kuliko tulivyostahili. Kifua chako kipate nafuu, mgongo wako upate kiti kizuri, chai yako asubuhi aipike mtu mwingine. Uishi salama na wanaokujua kwa sura. Asante, na utusamehe, mimi kwanza.

Na kwa kuwa ofisi haitaki kuliandika, liandikwe hapa, kwenye karatasi ya kanisa, kila mmoja aende nayo nyumbani:

Tarehe 11 Februari 1998 Adele Prentiss alibaki ndani. Blanketi lake nililishika mimi. Madhukar Kaprekar hakufuata kitu chake chochote. Alimfuata yeye, akamtoa hai. Niliyoyatilia sahihi kabla ya haya yalikuwa uongo.

Elieth Mbwambo,
chumba cha kufulia